Kosa Lenye Mwenyewe

Katika tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, kuna barua fupi. Mfanyabiashara Antonio amepata habari kwamba meli zake zimeangamia, siku ya kulipa deni imepita, na mkopeshaji wake, Shylock, anadai ratili yake ya nyama. Anamwandikia rafiki yake Bassanio kumwarifu kwamba madeni yote baina yao yamekwisha. Anachotamani ni kumwona tu kabla ya kufa. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo, iliyochapishwa mwaka 1969, hakuwa na sababu ya kukwama hapo, maana Kiswahili hakina mtego wa sarufi mahali hapo. Kiingereza kinao. Shakespeare alimfanya Antonio aandike "between you and I", na mtahiniwa wa kidato cha nne akiandika hivyo leo, kalamu nyekundu inamsubiri. Kanuni inataka "between you and me".

Si hapo tu. Katika Julius Caesar, ambayo Nyerere alitangulia kuitafsiri mwaka 1963, Antony anaposimulia jinsi Brutus alivyomchoma kisu rafiki yake Caesar, analitanguliza neno "most" mbele ya "unkindest", neno ambalo tayari limebeba maana hiyohiyo mwishoni mwake. Darasani hilo linaitwa kosa la kurudufu. Jukwaani ndilo linaloisimamisha hadhira.

Shakespeare alifariki mwaka 1616, wakati vitabu vya sarufi ya Kiingereza vilikuwa vichache na havikuwa na meno. Meno yaliota karne moja na nusu baadaye. Mwaka 1762 kasisi mmoja msomi, Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha kitabu kidogo cha sarufi kilichosomwa sana Uingereza na Marekani. Lowth alikuwa na tabia moja ya kijasiri: mifano yake ya makosa aliichota kwa waandishi wakubwa, Shakespeare akiwemo. Yeye ndiye mmoja wa waliosambaza hoja kwamba maneno mawili ya kukanusha yakikaa pamoja yanafutana, kama hesabu za hasi na hasi.

Kwa hoja hiyo, mtu akisema "I don't know nothing" amekiri kwamba anajua kitu. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuielewa hivyo. Geoffrey Chaucer, aliyeandika katika karne ya 14, alirundika maneno ya kukanusha mawili, matatu, hata manne katika sentensi moja, na kila moja liliongeza nguvu ya lile lililotangulia. Mpaka leo mamilioni ya wazungumzaji wa Kiingereza, kuanzia mashariki mwa London hadi milima ya Appalachia, wanakanusha hivyo majumbani mwao na wanaelewana vizuri. Kilichobadilika ni cheo. Usemi ambao zamani ulikuwa wa kila mtu umebaki kuwa wa walalahoi, na anayeuandika anasomwa kama mtu asiye na shule.

Jambo la kuchekesha ni kwamba "between you and I" leo haiandikwi na wasiosoma. Inaandikwa na waliosoma wakaogopa. Utotoni walikemewa kwa kusema "me and John went", wakaambiwa waseme "John and I", na tangu hapo wanaona kila "me" ni hatari, hata pale inapotakiwa. Wanaisimu huita hali hiyo usahihi uliopitiliza. Mwandishi wa riwaya anayetaka kumwonyesha meneja anayejitahidi kuonekana mstaarabu hahitaji ukurasa mzima wa maelezo. Anampa "between you and I" mara moja tu, na msomaji mwenye sikio ameshamjua mtu huyo.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Usemi usio sanifu unafaa katika maandishi ukiwa na mwenyewe, yaani mtu, mahali au nia inayoonekana. Msomaji lazima aone kwamba mwandishi anajua kanuni na ameamua kuiacha. Asipoona hivyo, atahesabu kosa, na kosa hilo litakuwa la mwandishi.

Hakuna neno lililopigiwa kelele katika mjadala huu kama "ain't". Lilianza kwa heshima. Mwishoni mwa karne ya 17 Waingereza waungwana walikuwa wakifupisha "am not" na "are not" kuwa "an't". Jonathan Swift mwenyewe alilitumia katika barua zake. Karne ya 18 likapata umbo la "ain't", likaendelea kupanua makazi, likachukua nafasi ya "is not" na "has not" pia. Upana huo ndio uliolichongea. Kufikia karne ya 19 walimu walikuwa wamelipiga marufuku, na waandishi kama Charles Dickens walilitumia kuonyesha kwamba mhusika ni mtu wa tabaka la chini. Hata hivyo, baadhi ya makabaila wa Uingereza waliendelea nalo hadi karne ya 20, maana mtu mwenye shamba la ekari elfu hakuhitaji ruhusa ya mwalimu.

Marufuku hiyo iliacha pengo la ajabu. Kiingereza kina "isn't he" na "aren't you", lakini nafsi ya kwanza umoja imebaki bila kifupisho chake halali. Wazungumzaji wakaliziba pengo kwa "aren't I". Tazama vizuri: hakuna mtu anayesema "I are", lakini "aren't I" inakubalika kwenye meza ya mfalme. Maelezo yake ni ya matamshi. Kusini mwa Uingereza herufi "r" haitamkwi mahali hapo, kwa hiyo "an't" yenye irabu ndefu na "aren't" zilisikika sawasawa, na waandishi wakachagua tahajia iliyoonekana safi. Neno lenye mantiki ya sarufi likafukuzwa, lisilo na mantiki likapewa kiti. H. W. Fowler, ambaye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926 bado inaheshimiwa, aliona kwamba "ain't" kwa maana ya "am not" ilikuwa inaziba haja ya kweli. Hakusikilizwa.

Kisha ukaja mwaka 1961. Kampuni ya Merriam ya mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, ilitoa toleo la tatu la kamusi yake kubwa, lenye kurasa zaidi ya 2,600 na vidahizo zaidi ya 450,000. Mhariri wake, Philip Gove, aliamini kwamba kazi ya kamusi ni kueleza lugha inavyotumika, si kuihubiria. Kwenye "ain't" kamusi ilieleza kwamba wengi wanalipinga na kwamba limeenea zaidi miongoni mwa wenye elimu ndogo, lakini pia kwamba katika sehemu nyingi za Marekani watu wastaarabu wanalitumia wakizungumza. Tangazo la kampuni lililotumwa kwa waandishi wa habari likaukuza upande wa pili na kuufunika ule wa kwanza, na moto ukawaka. Gazeti la New York Times liliishambulia kamusi hiyo katika tahariri. Mwandishi wa riwaya za upelelezi Rex Stout alimfanya shujaa wake, Nero Wolfe, aichane kamusi hiyo ukurasa baada ya ukurasa na kuitia kwenye moto sebuleni. Kampuni ya American Heritage ilijaribu kuinunua Merriam ili kuirekebisha kamusi. Iliposhindwa, ikaunda ya kwake, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na jopo la waandishi na wasomi takriban 100 waliopigia kura maneno yenye utata.

Wengi wa waliopiga kelele hawakuwa wamesoma maelezo ya kamusi hadi mwisho. Ugomvi huohuo ulirudi mwaka 2020, pale watu mitandaoni walipogundua kwamba Merriam-Webster, yaani kampuni ileile ya Merriam, inalo neno "irregardless", lenye kiambishi cha kukanusha mbele na kingine nyuma. Walilalamika kwamba kamusi imeuza utu wake. Ukweli ni kwamba neno hilo limeonekana kwenye maandishi tangu mwaka 1795, na Merriam ililiingiza kwenye kamusi yake mwaka 1934, kabla wengi wa walalamikaji hawajazaliwa. Kamusi inalitambulisha waziwazi kuwa si sanifu. Kuwemo kwenye kamusi ni sawa na kuwemo kwenye daftari la wakazi wa mtaa: kunathibitisha kwamba unaishi hapo, hakuthibitishi kwamba majirani wanakupenda.

Walioelewa mapema nguvu ya maneno hayo ni watunzi wa riwaya. Mark Twain alipochapisha Adventures of Huckleberry Finn, Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwanzoni mwa 1885, alitanguliza maelezo mafupi. Alieleza kwamba ndani ya kitabu mna lahaja kadhaa: ya Waafrika wa Missouri, ya watu wa porini kusini-magharibi, ya kawaida ya Pike County na vivuli vinne vya hiyo ya mwisho. Akasisitiza kwamba hakubahatisha. Aliziandika kwa uangalifu na kwa kuzijua mwenyewe. Kisha akaweka utani wake: bila maelezo hayo, wasomaji wangedhani wahusika wote wanajaribu kuzungumza namna moja na wanashindwa. Maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, haikucheka. Ilikiondoa kitabu hicho mwaka uleule wa 1885, lugha yake ikiwa miongoni mwa sababu.

Utani wa Twain una somo la kazi ndani yake. Lugha isiyo sanifu ina kanuni zake, na mwandishi asiyezifuata anagundulika haraka kuliko yule anayekosea Kiingereza cha shule. Mhusika anayesema "he don't" ukurasa wa 10 hawezi kusema "he doesn't" ukurasa wa 12 bila sababu. Ikiwa amebadilika kwa sababu yuko mbele ya hakimu, sawa, huo ni ustadi. Ikiwa amebadilika kwa sababu mwandishi amesahau, mhusika amekufa.

Kuna mtego mwingine ambao mwanaisimu wa Marekani George Philip Krapp aliupa jina mwaka 1925: lahaja ya macho. Mwandishi anaandika "sez" badala ya "says", au "wimmin" badala ya "women". Matamshi ni yaleyale. Mfalme na mchunga ng'ombe wote husema "sez". Tahajia iliyovunjwa haimwambii msomaji chochote kuhusu sauti. Inamwambia tu kwamba mwandishi anamwona mzungumzaji kuwa mjinga. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo Waafrika wa Marekani walivyoandikwa kwenye magazeti na hadithi za vichekesho. Ndiyo maana Zora Neale Hurston alipotoa Their Eyes Were Watching God mwaka 1937, akiwa amejaza mazungumzo ya Waafrika wa Florida aliowafahamu kwa kukulia kati yao, mwandishi mwenzake Richard Wright alimlaumu kwamba anawachekesha wazungu. Leo kitabu hicho kinafundishwa vyuoni, na lugha yake ni sababu mojawapo. Hurston alikuwa mwanaanthropolojia. Alijua tofauti kati ya kunukuu sauti na kuikebehi.

Afrika Magharibi ilipata kisa chake mwaka 1952. Amos Tutuola, mzaliwa wa Abeokuta mwenye miaka michache ya shule, aliyewahi kujifunza uhunzi na wakati huo akiwa tarishi katika idara ya kazi mjini Lagos, alichapishiwa riwaya na Faber and Faber ya London. Jina lake tu lilitosha kuwatoa walimu jasho: The Palm-Wine Drinkard. Si "drunkard", ambalo lingemaanisha mlevi wa kawaida. "Drinkard" ni mnywaji kwa kazi na kwa kipaji, na shujaa wa kitabu ni mtu wa namna hiyo hasa, anayemfuata mgema wake aliyekufa hadi mji wa wafu. Wachapishaji walisahihisha kidogo, mengine wakayaacha, na ndani ya kitabu wakaweka picha ya ukurasa mmoja wa mswada ukiwa na masahihisho yao, kana kwamba wanamthibitishia msomaji kwamba mtu huyu ni wa kweli.

Mshairi Dylan Thomas alikisifu katika gazeti la Observer. Wasomi wa Nigeria, wengi wao wakiwa masomoni Uingereza, walikasirika. Waliona wazungu wanashangilia Kiingereza kibovu kwa sababu kinathibitisha walichokuwa wakikiamini kuhusu Waafrika. Hasira yao ilikuwa na msingi. Hata hivyo, kitabu kimewashinda wote, maana sentensi za Tutuola zinafuata mwendo wa Kiyoruba na hadithi zake, na mtu akizinyoosha kwa rula ya shule zinakauka.

Mnigeria mwenzake, Ken Saro-Wiwa, alikuja na jibu tofauti mwaka 1985. Yeye alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Ibadan. Hakuna aliyeweza kumwambia hajui. Riwaya yake Sozaboy, kuhusu kijana anayejiunga na jeshi wakati wa vita vya Biafra bila kuelewa anapigania nini, aliipa maelezo ya chini ya jina kwamba imeandikwa kwa Kiingereza kilichooza. Alieleza kwamba ni mchanganyiko wa Pijini ya Nigeria, Kiingereza kilichovunjika, na hapa na pale Kiingereza kizuri kabisa. Mwishoni akaweka faharasa. Kila mlango wa lawama aliufunga mapema: jina linatangaza nia, msimulizi ni kijana mwenye shule kidogo, na ulimwengu unaomzunguka umevunjika kama lugha yake. Kati ya waandishi hawa wawili, Saro-Wiwa ndiye anayefaa kuigwa na mwandishi anayeanza, ingawa Tutuola ndiye mwenye maajabu zaidi.

Je, Afrika Mashariki? Hapa mambo ni ya kila siku. Mtu wa Nairobi anayetoka chumbani anasema "I'm coming", akimaanisha anarudi sasa hivi. Mgeni kutoka Manchester anashangaa kumwona anayekuja akielekea mlangoni. Rafiki asiyeonekana muda mrefu anaambiwa "you are lost". Mtu anasikia harufu, kwa hiyo anasema "I hear a smell". Mwanafunzi anaanza jibu kwa "me I think". Uganda ina utajiri wake, kiasi kwamba mwaka 2014 Bernard Sabiti alichapisha kamusi nzima ya Kiingereza cha Uganda aliyoiita Uglish. Na mwaka 2022 Kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma", "sambaza", "deskie" kwa maana ya mwanafunzi anayekaa dawati moja nawe, na "come-we-stay", ile ndoa isiyo na mahari wala cheti ambayo magazeti ya Kenya huiandika bila maelezo. Miaka miwili kabla, Nigeria ilikuwa imepeleka yake 29, mojawapo "next tomorrow". Mswahili mwenye "keshokutwa" mdomoni ataona mara moja kwa nini Wanigeria walichoka kusema "the day after tomorrow".

Wasomi wamebishana kuhusu hadhi ya Kiingereza cha namna hii tangu miaka ya 1980. Randolph Quirk wa London alitaka walimu wa ng'ambo washikilie kipimo kimoja. Braj Kachru, mzaliwa wa Kashmir aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois, alijibu kwamba Kiingereza cha India, Nigeria au Kenya kina wenyewe na kina kanuni zake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chemnitz, Ujerumani, walikusanya mazungumzo na maandishi ya Kiingereza kutoka Kenya na Tanzania ili matumizi hayo yachunguzwe kwa ushahidi. Mjadala haujafungwa. Mwandishi, hata hivyo, hawezi kusubiri ufungwe. Ana ukurasa mbele yake.

Chukua sentensi moja ambayo ingeweza kutoka ofisi yoyote kati ya Mombasa na Mbeya: "Kindly revert back so that we discuss about the equipments." Mwalimu mkali ataikata mara tatu. "Revert" tayari ina maana ya kurudi, kwa hiyo "back" imezidi, na kuitumia kwa maana ya kujibu ni mazoea ya maofisini ambayo Mwingereza wa kawaida anaweza asiyatambue. "Discuss" haitaki "about", ingawa "talk" inaitaka, na mdomo uliozoea kujadiliana kuhusu jambo unaiweka wenyewe. "Equipment" haina wingi, jambo gumu kumweleza mtu anayeviona vifaa kumi na viwili vimepangwa sakafuni. Wala lawama zote zisipelekwe kwa Kiswahili, maana "discuss about" na "equipments" zinasikika India na Nigeria pia.

Sentensi hiyo ikiwa kwenye zabuni inayokwenda kwa kampuni ya Uholanzi, iandikwe upya: "Please reply so that we can discuss the equipment." Haina ladha, lakini hakuna atakayesimama kuishangaa, na zabuni haihitaji kushangaliwa. Ikiwa ni mdomoni mwa mkuu wa idara katika hadithi fupi, iachwe kama ilivyo, tena bila alama za kunukuu za pembeni na bila msimulizi kukonyeza jicho. Msomaji wa Dodoma atamtambua bosi huyo kabla hajaambiwa rangi ya tai yake.

Kinachoharibu ni kiasi. Muuza duka wa Kampala anaweza kusema, "Eh, you are lost! Even me I was asking about you." Dalili mbili, na msomaji amefika Kampala. Mwandishi akiendelea kwa "Eh, yu ah losti", akageuza kila neno kuwa fumbo la tahajia, msomaji anaacha kumsikia muuza duka na kuanza kupambana na herufi. Waandishi wazoefu hutegemea mpangilio wa maneno na msamiati. Matamshi huyagusa kidogo tu. Mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alifanya hivyo katika riwaya yake A Man of the People ya mwaka 1966: Chifu Nanga anahama kutoka Kiingereza cha ofisi kwenda Pijini, na uhamaji wenyewe ndio unaomwambia msomaji lini mwanasiasa anataka kupendwa.

Waandishi wa habari wana shida yao. Kuna neno la Kilatini, "sic", linalowekwa baada ya nukuu yenye kosa kuonyesha kwamba mwandishi ameliona na ameliacha makusudi. Lina kazi ya halali kwenye nyaraka za mahakama na barua za serikali, ambako herufi moja ni ushahidi. Likiwekwa baada ya maneno ya mwanakijiji aliyejitahidi kujibu swali kwa lugha yake ya tatu, ni dharau iliyovaa joho. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press unakataza kubadilisha nukuu hata kwa kosa dogo la sarufi, na pia unakataza kuvunja tahajia kwa mazoea ili kuonyesha lafudhi. Njia ya heshima inayobaki ni rahisi: ikiwa maneno yatamwaibisha msemaji bila faida kwa habari, mwandishi ayaeleze kwa maneno yake na aondoe alama za kunukuu. Au amhoji mtu huyo kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Lipo pia kundi la maneno yaliyo sahihi kabisa lakini yanaonekana kama ajali. "He had had enough" ni Kiingereza safi. "I know that that house is empty" nayo ni safi. Kikagua tahajia cha kompyuta huweka mstari mwekundu chini ya neno lililojirudia, na mwandishi asiyejiamini anafuta moja, akiharibu sentensi iliyokuwa nzima. Kwa upande mwingine, usahihi peke yake si sababu ya kuacha kitu kinachomkwaza msomaji. "I know the house over there is empty" inasema jambo lilelile na haimkwazi mtu.

Kuna semi zilizovuka mto kabisa. "Long time no see" haina kiima wala kitenzi kilichokamilika. Maandishi ya mwanzo wa karne ya 20 huiweka midomoni mwa watu waliochukuliwa kuwa hawajui Kiingereza, na leo profesa wa Oxford anaweza kuiandika kwenye barua pepe bila kuomba radhi. BBC nayo ilianzisha idhaa ya Pijini mwaka 2017, ikaanza kuripoti chaguzi na bei za mafuta kwa lugha ambayo haikuwa na tahajia moja iliyokubaliwa, na wahariri wake wakalazimika kuamua wataandikaje kila neno.

"Irregardless" haijavuka. Merriam-Webster bado inaichapisha, na bado inamshauri msomaji atumie "regardless". Anayeandika barua ya kuomba kazi wiki hii afuate ushauri huo. Anayeandika hadithi kuhusu mtu aliyeandika barua hiyo aiweke aya ya pili, mara moja, na asiieleze.